Somo la toleo hili: Nani mlinzi wa kivuli cha wote?



Karibu kila mtaa wa miji yetu, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, una mahali ambapo kila mtu anapajua lakini hakuna awezaye kusema ni pa nani. Pengine ni mwembe mkubwa ambapo wazee hucheza bao. Pengine ni kiwanja ambacho watoto huchezea mpira mchana, na jioni mama wa viazi karai na mahamri huweka meza yake pembeni. Ukiwauliza watu pale ni pa nani, watakujibu, "Ni pa serikali."

Kisha siku moja asubuhi mnaamka mnakuta mabati yamezungushwa. Watu hukusanyika, picha zikapigwa, mwakilishi wa wadi akapigiwa simu. Wiki mbili baadaye kelele zimepoa, na mabati yamewekewa lango.

Somo hili linahusu ile miaka yote kabla ya asubuhi ya mabati. Mara nyingi mali ya pamoja huwa imekwisha kupotea wakati huo, kabla ya mtu yeyote kuja na nyundo. Tutajifunza kwa kutumia utafiti wa mtu aliyeshughulika na jambo hili moja maisha yake yote, Elinor Ostrom wa Marekani, kisha tuulinganishe na yale tunayoyajua hapa kwetu Kilifi.

Mwanamke aliyenyimwa darasa la uchumi

Ostrom alizaliwa Los Angeles mwaka 1933. Alipotaka kusomea shahada ya juu ya uchumi alikataliwa, kwa kuwa hakuwa na hesabu za kutosha. Shuleni wasichana wa wakati wake hawakuhimizwa kuzisoma. Akasomea sayansi ya siasa badala yake. Mwaka 2009, akiwa profesa katika Chuo Kikuu cha Indiana, alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alifariki mwaka 2012. Wasichana wetu wanaoambiwa kuwa hesabu si zao, na wazazi wanaowaambia hivyo, wana la kuwaza hapo.

Utafiti wake wa kwanza ulihusu visima, na hapo mkaaji wa pwani ataelewa haraka kuliko mtu wa bara. Karibu na Los Angeles kulikuwa na bonde ambalo watu wengi walivuta maji chini ya ardhi: miji, viwanda, wenye mashamba. Kila mmoja alivuta alivyotaka. Maji matamu yalipopungua, maji ya bahari yakaanza kupenya kutoka ufuoni na visima vikaingia chumvi. Sisi tunaoishi karibu na ufuo tunaijua ladha hiyo. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupunguza, maana maji aliyoacha yeye yangevutwa na jirani.

Ostrom alikwenda kutazama walifanya nini. Aligundua kwamba wavutaji maji waliunda chama, wakapima kila mmoja anavuta kiasi gani, wakakubaliana mbele ya mahakama wapunguze wote, kisha wakachanga fedha za kusukuma maji matamu ardhini kando ya pwani ili kuizuia bahari. Makubaliano yalichukua miaka, na ugomvi haukukosekana, lakini bonde liliokolewa. Hayo ndiyo aliyoyaandika katika tasnifu yake ya mwaka 1965.

Ng'ombe mmoja zaidi

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1968, mwanabiolojia wa Marekani aitwaye Garrett Hardin aliandika makala iliyosomwa dunia nzima. Alisema, chukueni malisho ambayo ni ya wote. Kila mfugaji akiongeza ng'ombe mmoja, faida ya ng'ombe yule ni yake peke yake, lakini hasara ya nyasi kuliwa inagawanywa kwa wote. Basi kila mwenye akili ataongeza mmoja, na mwingine, na mwingine, mpaka malisho yawe vumbi. Kwa mawazo yake, dawa zilikuwa mbili: serikali ichukue na kusimamia kwa nguvu, au ardhi igawanywe kila mtu awe na kipande chake.

Maneno hayo yalipendwa na watunga sera wengi, pamoja na wa Afrika. Na usidhani ni uongo mtupu. Anayejua ufuo ulioachwa kwa nyavu za matundu madogo, au msitu uliokatwa makaa mpaka mizizi, ameona jambo hilo kwa macho yake.

Kosa la Hardin, kwa mujibu wa Ostrom, lilikuwa kudhani kwamba wafugaji wale hawazungumzi. Mali ambayo ni ya wote wanaojulikana ni tofauti na mali isiyo na mwenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alikusanya mifano ya watu waliotunza mali ya pamoja kwa karne nyingi. Katika kijiji cha Törbel, milimani Uswisi, kanuni ya mwaka 1517 ilisema kuwa hakuna mtu atakayepeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha mwenyewe wakati wa baridi. Kanuni hiyo ilikuwa rahisi kukagua, maana kila jirani alijua zizi la mwenzake. Huko Valencia, Hispania, wakulima wanaogawana maji ya mifereji wana baraza lao ambalo hukaa kila Alhamisi saa sita mchana mlangoni pa kanisa kuu. Kesi husikizwa kwa mdomo, na uamuzi hutolewa papo hapo. Mzee yeyote aliyewahi kukaa chini ya mwembe kusuluhisha mpaka wa shamba hatashangaa.

Ostrom hakusema kwamba wananchi wakiachiwa watafaulu daima. Alirekodi pia walioshindwa. Alichotafuta ni tofauti kati ya hawa na wale, na aliona mambo kadhaa yakijirudia. Mipaka ilijulikana, ya mahali na ya watumiaji. Kanuni zilitungwa na wale wale zinaowabana, si kuletwa zimeandikwa tayari. Kulikuwa na mtu wa kuangalia, naye aliwajibika kwa watumiaji. Adhabu zilianza ndogo: onyo, kisha faini kidogo, na kubwa kwa anayerudia. Ugomvi ulikuwa na mahali pa karibu pa kwenda. Na serikali ilitambua haki ya watu hao kujipanga. La mwisho hili wengi hulisahau, maana kanuni nzuri za kijiji hufa siku ambayo mtu wa nje huja na barua kutoka ofisini.

Baadaye yeye na wenzake walitafiti misitu katika nchi nyingi, Uganda ikiwa mojawapo. Matokeo yaliwashangaza waliodhani jibu ni hati tu. Hali ya msitu haikutegemea sana kama ni wa serikali, wa jamii au wa mtu binafsi. Ilitegemea zaidi kama wanaoutumia msitu wenyewe hukagua mara kwa mara nani anaingia na anatoka na nini.

Tulichokuwa nacho hapa kwetu

Tukiwa Kilifi hatuhitaji kwenda Uswisi. Kaya za Mijikenda, Fungo, Kauma, Ribe, Kambe, Jibana, Rabai na nyinginezo, zilisimama kwa kanuni za namna hiyo hiyo. Njia ya kuingilia ilijulikana. Kuni gani ziokotwe na mti gani usiguswe, kulijulikana. Wazee wa kaya ndio waliosimamia, na aliyevunja mwiko alitozwa kuku au mbuzi kulingana na kosa. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliziweka kaya hizo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hilo ni jambo la fahari, lakini kaya hazikulindwa na orodha. Pale ambapo vijana hawawatambui tena wazee, au bei ya mbao na ya ploti imepita bei ya mbuzi, kaya imeliwa pembeni hata ikiwa na kibao cha serikali.

Mfano mwingine upo Kuruwitu, karibu na Vipingo. Wavuvi wa pale waliona samaki wakipungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2003 walianzisha chama, na baadaye wakakubaliana kufunga sehemu ya bahari ya takribani hekta 30, pasivuliwe kabisa. Ndiyo sehemu tunayoiita tengefu. Fikiria ugumu wake. Mvuvi mwenye watoto nyumbani anaambiwa aache kipande cha bahari alichokirithi kwa babake, kwa ahadi kwamba samaki watazaana na kuvuka mpaka kuja alipo. Hakuna afisa ambaye angeweza kuwalazimisha. Walibishana wenyewe, wakakubaliana wenyewe, na wakalinda wenyewe. Kanuni za mwaka 2007 kuhusu vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU, zikawapa wavuvi kote pwani nguvu ya kisheria ya kujipangia mambo. Mwaka 2017 Kuruwitu ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Anayeumia ndiye alipwe

Sasa tufike Arabuko-Sokoke, maana hapa kilimo na sera ya umma hukutana uso kwa uso.

Msitu huu wa kilomita za mraba zipatazo 420 ndio mkubwa zaidi uliosalia wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Dunia inautaka kwa sababu ya ndege na wanyama wake adimu. Watalii wanautaka. Sisi sote tunautaka kwa mvua na hewa, ingawa hatulipi chochote. Lakini mwenye shamba la mahindi na mihogo mpakani huujua kwa namna nyingine: usiku tembo, mchana nyani. Gharama ya msitu iliangukia mfuko wake, faida ikaenda kwa mtu ambaye hajawahi kuona shamba lile. Si ajabu kwamba miaka ya 1990 sauti za kutaka msitu ukatwe mashamba zilikuwa nyingi. Wale hawakuwa wajinga wala maadui wa mazingira. Walikuwa wakipiga hesabu sahihi kwa takwimu walizokuwa nazo.

Mwaka 1993 ulianzishwa pale Gede mradi wa Kipepeo, chini ya mwanabiolojia Ian Gordon na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Wazo lilikuwa hili: wakulima wakamate vipepeo wachache msituni, wawape majani ya kutagia mayai, walee viwavi nyumbani, na viwavi wakishajifunga ndani ya ganda mradi uwanunue na kuwasafirisha hadi nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Kiwavi wa kila aina hula majani ya mimea yake maalumu. Kwa hiyo mfugaji wa vipepeo anahitaji msitu uwepo ili apate wazazi, na anahitaji kupanda mimea ya msituni kwake. Mtu aliyeuona msitu kama ghala la tembo akaanza kuuona kama zizi la mifugo yake.

Pale jirani, katika ghuba ya Mida, shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mwaka 2001 mpango wa kuwapa watoto wa familia zinazopakana na msitu na mikoko msaada wa karo ya sekondari. Sehemu ya fedha hutokana na wageni wanaolipa kupita kwenye daraja la kuning'inia kati ya mikoko. Kwa mzazi, mkoko uliosimama sasa una sura ya karo.

Hatusemi vipepeo na daraja vimemaliza shida ya tembo. Havijamaliza, na wafugaji wa vipepeo ni wachache ukilinganisha na wakulima wote wanaopakana na msitu. Lakini njia yenyewe ni ya kushika: kabla ya kuwahubiria watu watunze kitu, uliza nani anaumia kwa ajili ya kitu hicho, na faida imfikie yeye kwanza.

Mjini je?

Wapo wanaoona haya ni mambo ya mashamba na vijiji, kwamba mjini watu hawajuani. Nairobi ina mifano miwili. Mwaka 1989 serikali ya wakati huo ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai aliandika barua, akatukanwa hadharani, hakuacha, na mwishowe jumba halikujengwa. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, alipigwa na kuumizwa alipokwenda na wenzake kupanda miti Karura, msitu uliokuwa umeanza kugawiwa watu binafsi. Karura nao ulibaki.

Kilichofuata hakisimuliwi sana. Kuokolewa kwa Karura hakukuufanya uwe salama. Kwa muda mrefu wakaaji wa jiji waliogopa kuingia kwa sababu ya wahalifu. Sheria ya misitu ya mwaka 2005 iliruhusu majirani kuunda vyama vya kusimamia misitu pamoja na serikali. Kwa njia hiyo chama cha marafiki wa Karura kilijiunga na Shirika la Huduma za Misitu, uzio ukajengwa, walinzi wakaajiriwa, na ada ndogo ikatozwa langoni. Ujasiri wa Maathai uliuzuia msitu usiuzwe, na kazi ya kila siku ya walinzi na majirani ndiyo iliyowarudisha watoto ndani.

Kwa upande wetu, Katiba ya 2010 imeipa kaunti jukumu la bustani, fuo na viwanja vya burudani, pamoja na kilimo na mipango ya maendeleo. Ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti huwekwa kwa amana kwa niaba ya wakaaji, kulingana na Kifungu cha 62, na husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Manispaa za Kilifi na Malindi zina bodi zake. Kwa hiyo sheria ipo. Lakini tukubali na la upande wetu: serikali, ya kaunti na ya kitaifa, ni hodari zaidi wa kupanda kuliko kunyeshea. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ya kupanda miti. Miche iliyopandwa siku hiyo bila mtu maalumu wa kuimwagilia maji kiangazi cha Januari na Februari, kila msomaji wa pwani anajua ilivyokuwa.

Zoezi: hesabu ya kiwanja chenu

Somo bila zoezi halikai. Kikundi cha akina mama, cha vijana au cha wazee kinaweza kulifanya kwa karatasi moja na jioni mbili.

Chagueni mahali pamoja pa kijani panapotumiwa na watu. Jioni ya kwanza, kaeni pale na muandike nani anapatumia na kwa kazi gani. Msiandike "jamii". Andikeni watoto wangapi, wachuuzi wangapi, bodaboda wangapi wanaosubiri abiria kivulini, maji ya mvua hukaa wapi. Kisha pigeni hesabu. Kwa mfano tu, tuseme wachuuzi ni 6, na kila mmoja hubaki na faida ya shilingi 400 kwa siku 25 za mwezi. Hiyo ni shilingi 60,000 kwa mwezi, au 720,000 kwa mwaka. Mtu akija na pendekezo la kujenga pale vibanda 10 vitakavyoilipa kaunti shilingi 1,000 kila kimoja kwa mwezi, hiyo ni 120,000 kwa mwaka. Msikimbilie kushangilia, hesabu hiyo ina shimo: wenye vibanda nao watapata faida yao, na lazima iingie kwenye mizani. Ila upande wa pili nao una vitu visivyo na risiti, kama kivuli, mahali pa mpira, na maji yanayozama ardhini badala ya kuingia nyumbani mwa mtu. Viandikeni hata kama hamjui bei yake, ili asiyeviona alazimike kuvisoma.

Jioni ya pili ni ngumu zaidi. Jadilianeni mpaka uko wapi hasa. Nani ana haki ya kuweka meza na nani hana? Takataka ni za nani? Anayekata tawi ataambiwa nini mara ya kwanza, na atalipa nini mara ya tatu? Nani atapita kila jioni kuangalia, na atapewa nini kwa kazi hiyo? Wachuuzi wakikubali kuchanga shilingi 10 kila mmoja kwa siku, fedha hizo zitashikwa na nani, na zitasomwa mbele ya nani? Mkikwama hapa msivunjike moyo. Watu wa Törbel walikuwa na miaka 500 ya kurekebisha.

Mkishakubaliana, wekeni katika maandishi: jina la mahali, mipaka, orodha ya watumiaji, kanuni zenu, na ombi moja tu kwa kaunti, liwe ni upimaji wa kiwanja, bomba la maji au taa. Ombi moja hujibiwa upesi kuliko orodha ya kumi. Ulizeni katika ofisi ya ardhi kama kiwanja kimesajiliwa kuwa cha umma, na mpewe jibu kwa maandishi. Halafu angalieni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Vikao vya ushiriki wa umma hufanywa kabla ya maamuzi hayo, na ombi linalofika baada yake husubiri mwaka mwingine. Ipelekeni barua kwa msimamizi wa wadi, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwenu.